Matope ya Kwetu

Mwanangu Saidi,

Salamu nilizokunyima tangu Ijumaa nakupa hapa zote kwa pamoja, na shikamoo zako zote ulizoziacha mlangoni bila jibu naziitikia sasa: marahaba, marahaba, marahaba. Usidhani hasira zimekwisha. Hazijaisha. Ila kesho alfajiri unaondoka, na mimi sikukuzaa uje kuondoka nyumbani kama mtu aliyefukuzwa.

Naandika mchana huu, wewe umekwenda Maji ya Chai kuwaaga wenzako. Naandika kwa herufi za Kiarabu nilizokufundisha mwenyewe kwa kijiti juu ya majivu ya jikoni, kwa sababu yule Bwana wako hawezi kuzisoma, na yaliyomo humu hayamhusu. Baba yako yuko nje anachongea mpini jembe ambalo tayari lina mpini. Kila akipita mlangoni ananichungulia na kusema, "Mwache mtoto aende kwa amani." Namjibu, "Kwani nimemfunga kamba?" Anarudi kwenye mpini wake.

Mambo ya kuoga, kula, na kutolala na viatu miguuni nayapita. Una akili zako, na kama huna, barua haitakupa. Nina jambo moja tu la kukwambia, na jambo lenyewe ni matope.

Tuanze na Ijumaa, maana najua kichwani mwako wewe ndiwe uliyeonewa. Uliingia hapa umevaa viatu vya Bwana wa shamba la kahawa, vimekuzidi, unanyanyua miguu kama kuku aliyekanyaga ulimbo. Ukanishika mabega ukasema, "Mama, nakwenda kwenu." Moyo wangu uliruka, wallahi uliruka, kwa sababu tangu nilipopanda huku nimekubeba mgongoni hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kusema anakwenda kwetu. Nikakuuliza, kwetu kufanya nini? Ukasema shemeji yake Bwana ana mashamba ya chumvi huko pwani ya Tanga, kaa wanatoboa matuta yake, maji yanavuja, na Bwana amemwandikia kwamba hapa Meru ana kijana aliyemsafishia shamba lote la kahawa mpaka fuko hawajulikani walikokwenda. Basi umeitwa. Fundi wa fuko anakwenda kuwa fundi wa kaa.

Hapo nilikuwa bado natabasamu. Kaa wa kwenye tuta sina ugomvi naye, tuta lina mwenyewe aliyelijenga. Nikakuuliza, "Utawatoa wa kwenye matuta?" Ukasema, "Wa kwenye matuta na wa nje, Mama. Bwana anasema ukiwaacha wa nje watarudi. Tutamwaga chokaa kwenye mashimo yote mpaka mikokoni." Nikauliza mikoko ipi. Ukanitajia jina la kijito, ukalitamka vizuri sana, kama nilivyokufundisha katika hadithi za kukulaza. Ni kijito cha kwetu, Saidi. Ni pwani ya mama yangu, ambako mama yako mdogo Mwanaasha, hivi leo ninapoandika, bila shaka ameinama anachimba kombe, wale chaza wa matopeni.

Nikakwambia, "Pale ni kwetu." Nawe ukacheka. Ukasema, "Mama, ni matope tu."

Ni kweli kwamba chungu cha kiburu kilikwenda ukutani, ndizi kwa maharage yake. Ni kweli nilisema maneno ambayo majirani wameyashika na wanayarudia mtoni. Lakini neno lile, ni matope tu, si lako wewe. Limeshasemwa mbele yangu na mtu mwingine zamani, na nitakwambia ni nani na alifanya nini baada ya kulisema. Kwanza nikueleze hayo matope yenyewe, maana naona katika hadithi zangu zote uliokota majina ukaacha mambo.

Wewe umekulia kwenye udongo wa mlima. Udongo huu ukiuacha jioni, asubuhi unaukuta vilevile. Kwetu si hivyo. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inajitoa mbali na kuacha uwanda mpana wa matope na mchanga, na ukisimama kimya unausikia unanong'ona. Ni maji yanashuka mashimoni. Kila shimo lina mwenyewe. Kuna kaa wadogo wekundu wenye gando moja kubwa. Kuna kaa wa mikokoni wanaoburuta majani makavu na kuyaingiza chini. Kuna nyungunyungu wa pwani, anakula matope kwa upande mmoja na kuyatoa kwa mwingine, anaacha juu vijisokoto kama tambi. Kuna kamba mweupe wa shimoni ambaye humwoni kamwe, unaona tu kijilima kinachotema mchanga kileleni. Wote hawa kazi yao ni moja: cha chini wanakileta juu, cha juu wanakipeleka chini, leo na kesho, bila msimamizi wala kiboko.

Ukichimba pale utaona alichonionyesha mama yangu nikiwa mdogo. Juu pana tabaka la rangi ya udongo, jembamba kama ganda la muhogo. Chini yake ni peusi, pananuka mayai yaliyooza. Lakini kando ya kila shimo la kaa, ile rangi nzuri ya juu inashuka pamoja na shimo mpaka mwisho wake, kwa sababu bahari ikijaa maji mapya yanaingia humo na pumzi yake. Kombe wanakaa humo, kwenye ile rangi nzuri. Mizizi michanga ya mkandaa, mti wa mikokoni, inatafuta mashimo yaliyohamwa, inateremka humo bila taabu. Ukiwaondoa wachimbaji hao, weusi unapanda mpaka juu, na hakuna kinachokaa.

Sasa sikiliza habari ya mawe, maana hii sikuwahi kukusimulia. Kila nyumba ya wachimbaji kwetu ina sehemu yake pwani, na mipaka ni mawe. Mawe hayo hayatulii. Hayaendi kando, yanazama. Wale wa chini wanatoa matope chini ya jiwe na kuyamwaga juu, wanatoa na kumwaga, jiwe linashuka taratibu mpaka linafunikwa. Kwa hiyo kila mwaka, bamvua ya kwanza baada ya upepo wa kusi kutulia, wanawake wote wanashuka pwani kuinua mawe. Wanaimba, wanataniana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwa mwanangu, wanapapasa kwa nyayo mpaka kila mtu anapata jiwe lake, analing'oa, analisuuza, analirudisha juu. Jiwe likiwa limezama sana, wenye sehemu ile wanapigiwa vigelegele, kwa sababu pale pana uhai. Jiwe likikutwa juu, palepale lilipoachwa, watu wananyamaza. Sehemu ile haichimbwi mwaka huo, inaachwa ipumzike, na wenyewe wanakaribishwa kuchimba kwa jirani.

Letu lilikuwa jiwe jeupe la matumbawe lenye tobo katikati, na mama yangu alikuwa akiligombeza kila mwaka. "Wewe nawe, umekwenda wapi tena?" Nilifikiri mambo yote ya dunia yanakwenda hivyo, kwamba kitu kizuri lazima ukitafute kila mwaka chini na kukirudisha juu.

Ndipo akaja mtu wa chumvi. Si huyu shemeji wa Bwana wako. Ni wa kwanza, Mdachi mwenye ndevu za rangi ya kutu, miaka ile ya mwanzo wa Wajerumani. Alikuja na akida, na akida alikuwa na kanzu mpya. Akajenga matuta upande wa juu wa pwani yetu. Hatukumkataza, nani angemkataza? Kaa wakaingia kwenye matuta, maana kaa akiona tuta anaona nyumba. Maji yakavuja na mtu akakasirika. Mama yangu na wenzake wakaenda kwa akida wakasema watakuja kila maji yakipwa kuwatoa kaa matutani kwa mikono na kuziba kwa udongo wa mfinyanzi, kama tunavyoziba kingo za majaruba ya mpunga. Hawakuomba kitu. Waliomba tu asitoke nje ya matuta yake.

Nilikuwapo, nimebeba kapu la mama. Yule mtu aliitazama pwani yetu yote, kutoka kijitoni hadi mikokoni, kwa muda usiotosha kumenya ndizi. Akasema maneno yake, na akida akatutafsiria: "Bwana anasema, ni matope tu."

Wakaleta chokaa. Na waliomwaga, Saidi, hawakuwa Wadachi. Mdachi alikaa kwenye kivuli cha turubai. Waliomwaga walikuwa vijana wa kwetu. Aliyetangulia na jembe alikuwa Hamisi, mtoto wa jirani, aliyekula kwetu karibu kila siku, na alitangulia kwa sababu yeye ndiye aliyejua mashimo yaliko. Mama akamwambia, "Hamisi, hilo shimo ndilo linalokulisha." Akasema, "Nimeajiriwa, Mama." Macho hakuyainua.

Kaa walitoka wamekuwa weupe kwa chokaa, wakatembea kidogo, wakageuka matumbo juu. Baada ya siku chache pwani ikanyamaza. Nilikuwa nikidhani ile sauti ni ya bahari, kumbe ilikuwa yao. Kisha uso wa matope ukajifunga. Ukaota utando wa kijani, telezi, na maji yakawa yanabaki juu yake yakipata moto juani, hayana pa kushukia. Ukiuvunja ule utando, weusi uko hapohapo, na uvundo ulituingia mpaka kwenye wali. Kombe walipanda juu wenyewe kutafuta pumzi wakafa midomo wazi. Mikandaa ya mbele ikapukutisha majani. Mwaka uliofuata tukashuka kuinua mawe, na letu hatukulitafuta. Lilikuwa juu, palepale, kavu. Mama yangu alikaa kwenye ule utando kando ya jiwe, akaliwekea mkono, na hakuligombeza.

Hasira yangu ilianza siku ile, na sijaona bado sababu ya kuiacha. Nasikia watu wanasema hasira inamzeesha mwanamke. Na inizeeshe. Ni mali pekee niliyotoka nayo kwetu.

Mwaka huohuo ndipo msafara ulipomwacha baba yako nyumbani kwetu na homa, mpagazi wa Kimeru asiyejua hata neno la kuombea maji. Tukamuuguza, akapona, akaomba kuoa, wewe ukazaliwa. Tungekaa pale, baba yako aliipenda bahari, aliiogopa lakini aliipenda. Ila hapakuwa na cha kuchimba. Mwanaasha alibaki na mama upande wa kijitoni, ambako chokaa haikufika, na mimi nikakufunga mgongoni tukapanda huku.

Usije ukadhani mama yako anaona kila kinachochimba ni malaika. Kisa cha viazi unakijua, bibi yako marehemu, mama wa baba yako, alikisimulia kwenye kila harusi na kila msiba. Lakini alikisimulia ili watu wacheke. Nisikie na mimi.

Nilipofika, bibi yako alinipa pembe ya kihamba, shamba lake la nyumbani, chini ya migomba yake, nilime viazi vitamu na magimbi. Sikujua kitu cha mlima huu. Baridi ilinipiga, ndizi zilinishinda kula, lugha ilinipita juu ya kichwa. Asubuhi moja nikaona vichuguu vya udongo mpya, laini, vimetoka chini vyenyewe kati ya viazi vyangu. Saidi, nilikaribia kulia kwa furaha. Nikasema, kumbe hata huku wako. Bibi yako alipokuja na mtego wake nikasimama mbele yake, mgeni mimi, mke wa juzi, nikamwambia kwa Kimeru changu cha kuvunjika, "Mama, waache, wanapumzisha udongo." Akasema, "Wanapumzisha tumbo lako." Akaondoka na mtego wake.

Nikawalinda fuko wale kama kuku wangu. Nikaweka na jiwe nione kama litazama, na siku lilipoinama upande mmoja nilimwita baba yako aje aone. Siku ya kuvuna nikavuta jani la kiazi, likaja jani peke yake. Nikavuta jingine, vilevile. Chini hapakuwa na kitu ila njia zao, safi, zimefagiliwa. Mgomba mkubwa wa pembeni niliuegemea nikipumzika, ukaanguka nao. Mizizi walikuwa wameimaliza. Bibi yako hakunigombeza, alifanya vibaya zaidi: alikwenda kuwaita dada zake wote waje watazame. Ndiyo sababu mpaka leo wazee wa hapa wananiita Mama Fuko. Jina hilo nilikuwa nalo kabla wewe hujawa fundi wa fuko.

Niliichukua elimu ya matope nikaivika mlima, na mlima ukanicheka. Sasa wewe unakwenda kufanya kosa langu lilelile, ila umeligeuza. Unaichukua elimu ya mlima unakwenda kuivika matope. Umekua ukijua kwamba kinachochimba kinaharibu, na hapa ni kweli, fuko anakula mzizi. Lakini kaa yule hali mzizi wa mtu. Tofauti ni kwamba kosa langu lilitunyima viazi vya msimu mmoja, tukala kwa bibi yako na kucheka. Kosa lako halitachekwa na mtu.

Na hata mtego, kumbuka nani alikufundisha. Bibi yako alikulaza kifudifudi kando ya mfereji, sikio chini, mpaka ukajua fuko anakwenda upande gani. Nilikuwa nikikutazama kutoka jikoni na nilijivuna, sikatai. Ulikuwa hodari kuliko wanaume wazima. Lakini je, umewahi kumwona bibi yako akiwafuata fuko porini? Ulipotaka kwenda kutega ng'ambo ya mto alikukamata sikio. "Hao wa kule wana kwao," alisema. Alitega wa kihamba chake tu, mpaka kwenye ua wa miti ya masale, akaishia hapo. Hicho ndicho alichokufundisha. Bwana alichukua nusu ya elimu ile, nusu yenye mtego, na wewe ukamwachia.

Tena lile shamba la kahawa ulilolisafisha, lilikuwa la nani? Ulikuwa unatembea tayari walipofika Wazungu na magari yao ya ng'ombe. Walisimama pale ambapo bibi yako alikuwa akichunga, ambapo majivu ya moto wa wachungaji yalikuwa bado na joto, wakasema hapa patupu. Patupu! Watu hawa wana macho ya ajabu, hawaoni kitu mpaka wakiweke wenyewe. Baba yako ana kovu begani la mawe ya boma la Arusha, alibeba na kiboko nyuma yake, na siku boma lilipokwisha hakuruhusiwa hata kuliegemea. Sasa wamekuvisha viatu, nawe umeanza kutazama kwa macho yao. Hilo ndilo lililorusha kile chungu, kama ulidhani ni kaa peke yao.

Najua huwezi kukataa. Sikujifanya mjinga Ijumaa na sijifanyi leo. Ukikataa, keshokutwa uko barabarani unavunja kokoto, na Bwana atatafuta kijana mwingine. Hicho ndicho kinachonichoma: wametupanga hivi kwamba hata nikiwa na haki yote sina cha kukuomba ila kipande. Basi nakuomba kipande.

Lakini kabla ya hapo, unaikumbuka Momela? Ulikuwa mdogo sana. Baba yako alikwenda kuchukua magadi ya ng'ombe, nikamng'ang'ania twende wote kwa sababu nilisikia kuna ziwa lenye chumvi. Tulipofika nikaacha mizigo, nikaingia mpaka magotini, nikatia mkono kwenye matope na kuunusa. Ndege heroe wakaruka wote kwa mara moja. Ukaniuliza kutoka ukingoni, "Mama, unatafuta nini?" Nikasema, "Namtafuta mtu." Hukushangaa. Ukaingia nawe ukaanza kutafuta. Hapakuwa na kaa, matope yale ni makali, ila ukapata vidudu vyembamba vyekundu, vinajikunja, vimejijengea vijumba vya uzi chini ya utando. Ukavibeba kwenye jani ukaniletea, "Mama, ni huyu?" Nikasema siye. Ukarudi ukaleta vingine. "Ni huyu?" Kutwa nzima uliniletea watu wa matopeni, na jioni ukavirudisha vyote ulikovitoa kwa sababu uliona ni vibaya kuviacha juani. Sikukuambia mimi. Ulifanya mwenyewe. Nataka kujua ni nani aliyekuja baadaye akamwambia mtoto yule kwamba mle hamna mtu.

Kipande ninachokuomba ni hiki. Fanya kazi kwenye matuta. Watoe kaa wa matutani kwa mkono, kwa mtego, kwa ujanja wowote wa bibi yako, uzibe kwa udongo wa mfinyanzi na ukanyage vizuri. Mwanaasha atakuonyesha unapochimbwa. Kazi hiyo haina mwisho, kila maji yakipwa utaanza upya, na Bwana wa chumvi atakwambia chokaa ni rahisi. Mwambie wewe ni fundi na hivi ndivyo fundi anavyofanya. Uongo huo nakuruhusu, nitaujibu mimi mbele ya Mungu. Lakini nje ya tuta usitoke. Chokaa ikitoka nje ya tuta, isitoke mkononi mwako. Na wakikupa jembe utangulie kwa sababu wewe ndiwe unayejua mashimo yaliko, mkumbuke Hamisi. Yule hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na njaa na alikuwa ameajiriwa, na tangu siku ile hakuingia tena kwetu kula, ingawa mama yangu aliendelea kumpakulia.

Watu wa msafara waliopita mwaka jana waliniletea salamu za Mwanaasha. Mtu wa chumvi wa kwanza aliondoka zamani, matuta yake yalibomoka, na upande wetu umeanza kurudi. Kwanza walionekana vijisokoto vya nyungunyungu, vichache. Kisha kaa wekundu. Mwanaasha anasema jiwe letu limezama nusu. Nilipoambiwa hivyo niliacha kupika, nikakaa kwenye kinu. Mama yangu hakuishi kuliona. Wewe umekua, umeota ndevu, bibi yako amezikwa, na muda wote huo lile jiwe limepata nusu tu. Elewa basi ni kitu gani unakwenda kukiwekea mguu.

Chini ya nguo zako, kwenye kipande cha kaniki, utakuta jiwe. Nimeliokota leo asubuhi kwenye mfereji wetu, jeusi, lina vitundu vya moto wa mlima. Lisikukasirishe kwa uzito. Kutoka hapa mpaka Moshi unaweza kulaani, kisha gari la moshi litalibeba. Ukifika, kabla hujaenda kwa Bwana wa chumvi, nenda kwa Mwanaasha. Mpigie magoti, ni mama yako. Mwambie akupeleke maji yakipwa, uvue hivyo viatu, na uliweke jiwe la Meru kando ya jiwe jeupe la bibi yako wa pwani, nje ya tuta. Kisha fanya kazi yako.

Kusi ikija na kupita, siku ya kuinua mawe, nenda na wanawake ukalitafute. Watakucheka, mwanaume kati yao, wavumilie. Ukilipapasa kwa nyayo na usilione, ukalikosa kabisa, mwambie Mwanaasha apige kigelegele cha kusikika Meru, nami nitachinja, na chungu kipya nitakinunua. Liache huko huko, usiliinue.

Likiwa juu, palepale ulipoliweka, lichukue. Usimpe mtu akubebee, wala usilitume. Livue matope, panda nalo mwenyewe mpaka hapa, unipe mkononi, na unitazame usoni uniambie ni matope tu.

Mimi mama yako,
Mama Fuko